Kitalu nyumba cha matango: chagua kwanza mwezi wa kuuza

Kwa miaka 11 nilifanya kazi kwenye shamba la maua hapa Arumeru, muda mwingi nikiwa chumba cha kupanga madaraja. Kila waridi lilipimwa urefu wa shina, likahesabiwa, likafungwa. Jioni msimamizi aliandika ubaoni namba mbili tu: mashina yaliyouzika na mashina yaliyotupwa. Shamba lilipofungwa nilichukua malipo yangu ya mwisho, nikajenga kitalu nyumba nyuma ya nyumba yangu Maji ya Chai, mita 8 kwa mita 30, nikapanda matango. Kufunga nailoni nilijua. Mipira ya matone nilijua, utitiri nilijua. Nilichokuwa sijui ni bei ya tango mwezi wa tisa.

Zao la kwanza nililipanda Julai, kwa sababu ndio mwezi fundi alipomaliza kujenga. Sikuwa na sababu nyingine. Miche ilidumaa kwa baridi ya chini ya Mlima Meru, nikaanza kuchuma mwishoni mwa Septemba. Wakati huo kila mwenye zamu ya mfereji huku kwetu alikuwa na matango ya shamba la wazi. Nilifikisha viroba vinne soko la Kilombero, Arusha mjini. Vitatu nikauza kwa shilingi 500 kwa kilo, cha nne nikamwachia mama mmoja kwa kiasi cha nauli yangu ya kurudi. Usiku ule nilifungua daftari na kuandika gharama zangu zote mstari kwa mstari, na tangu siku hiyo siulizi tena nipande lini. Nauliza nataka kuuza lini.

Nawaandikia wanaotaka kujenga kitalu nyumba, au grinihausi kama wengi tunavyosema, na wale waliokwisha kujenga ambao hawaoni hela yao inarudi. Ukisafiri barabara ya Moshi kwenda Arusha utaona fremu zimebaki mifupa, nailoni imechanika, ndani yamemea magugu. Nimeongea na baadhi ya wenye fremu hizo. Wachache walishindwa na magonjwa. Wengi walivuna vizuri tu, wakauza kwa hasara, na nailoni ilipochakaa hawakuwa na fedha ya kununua nyingine.

Unachonunua ni jani kavu mwezi wa nne

Mkulima wa mfereji analima tango kwa gharama ndogo mno. Hana nailoni ya kulipia, hana neti, mara nyingi hata kamba ya kupandishia hana. Tango linatambaa chini. Kiangazi, jua likiwa zuri na maji yapo, huwezi kushindana naye kwa bei, hata uwe hodari namna gani. Usijaribu.

Masika mambo yanageuka. Huku kwetu mvua kubwa ni Machi hadi Mei. Ubwiri vinyoya, ule ugonjwa unaoweka madoa ya njano yenye pembe juu ya jani na ukungu wa kijivu chini yake, unahitaji maji juu ya jani ili uingie. Nje maji hayo yapo usiku na mchana. Shamba la tango likishikwa katikati ya Aprili, wiki mbili baadaye majani yote ni kahawia. Nyuki nao hawaruki kwenye mvua, maua yanadondoka bila kushika tunda. Barabara za ndani zinajaa tope. Basi soko linakauka, na akina mama wa Tengeru ambao Septemba walikuwa wananichagulia tango moja moja, Aprili wananipigia simu saa kumi na moja alfajiri.

Ndani ya kitalu nyumba mvua haigusi jani. Hicho ndicho ulichokilipia. Mavuno makubwa ni faida ya nyongeza. Jani kavu wakati majani ya wengine yamelowa ndilo linaloirudisha fedha ya ujenzi.

Hivyo kalenda yangu inaanzia mwisho na kurudi nyuma. Nataka tango la kwanza liwe sokoni karibu tarehe 10 Aprili. Kutoka kuhamisha mche hadi kuchuma, wakati wa joto, kwangu ni siku 40. Kwa hiyo nahamisha tarehe 1 Machi. Mche unakaa kwenye trei siku 17 hivi, kwa hiyo nasia mbegu tarehe 12 Februari. Nachuma wiki nane, mpaka mwanzoni mwa Juni.

Msimu wa pili nasia karibu tarehe 25 Septemba, nahamisha tarehe 12 Oktoba, naanza kuchuma wiki ya tatu ya Novemba. Hapo nakutana na mvua za vuli, na muhimu zaidi nakutana na Krismasi na wageni wa mwisho wa mwaka wanaopita Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti. Hoteli zinajaa, saladi inahitajika kila siku. Bei haifiki ya Aprili, lakini inatosha.

Juni, Julai na Agosti sipandi tango. Joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 15, tango linasimama kukua na wewe unaendelea kumlipa kibarua. Miezi hiyo matuta yanabeba giligilani na vitunguu majani. Hela yake ni ndogo, siiweki hata kwenye hesabu zitakazofuata, lakini udongo unapumzika na tango. Na kuanzia katikati ya Januari, jua linapowaka, nalowesha matuta, nayafunika kwa nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, nabana kingo kwa udongo, nayaacha wiki nne hadi sita. Joto linalokusanyika humo linapunguza minyoo fundo, ile inayotia mizizi mafundo, na vimelea vya mnyauko bila kununua kemikali.

Daftari

Bei ninazotaja ni za daftari langu na za eneo langu. Zako utaziandika mwenyewe, na ni lazima uziandike. Ujenzi wangu ulikuwa hivi, kwa shilingi za Tanzania:

Nguzo na mbao zilizowekwa dawa: 1,450,000
Nailoni ya mikroni 200 yenye kinga ya jua: 1,520,000
Neti ya wadudu: 510,000
Mipira ya matone, kichujio na viunganishi: 420,000
Tanki la lita 2,000 na kichanja chake: 700,000
Fundi na vibarua: 600,000
Misumari, waya, fito za kubania: 300,000

Jumla 5,500,000. Watu wengi wanaishia hapo. Wanaandika gharama ya ujenzi kwenye ukurasa wa kwanza, halafu wanausahau ukurasa huo wanapohesabu faida. Mwaka wa tatu nailoni inapofifia na kupasuka, wanashangaa faida yao ilikwenda wapi. Haikuwa faida. Walikuwa wanaila nailoni kidogo kidogo.

Mimi nafanya hivi. Nailoni, neti na mipira ya matone naihesabu kwa miaka 3: jumla 2,450,000, kwa mwaka ni kama 817,000. Vilivyobaki, nguzo, tanki, fundi na vikorokoro, 3,050,000, navihesabu kwa miaka 6: kwa mwaka kama 508,000. Kwa hiyo kila mwaka kitalu kinajila chenyewe shilingi 1,325,000. Nina misimu miwili ya tango kwa mwaka, basi kila msimu unabeba 662,500. Fedha hiyo naiweka kwenye akaunti tofauti siku ya malipo, kabla sijanunua hata sukari ya nyumbani.

Sasa gharama za msimu mmoja, miche 460:

Mbegu 500: 130,000
Trei na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi wa kusia mbegu): 35,000
Samadi iliyoiva, pamoja na usafiri: 90,000
Mbolea za dukani: 180,000
Viuatilifu na mitego ya gundi: 110,000
Kamba na klipu: 45,000
Kibarua, wiki 15 kwa 35,000: 525,000
Umeme wa pampu na ada ya maji: 80,000
Usafiri na kreti: 165,000

Hiyo ni 1,360,000 inayotoka mfukoni. Ongeza mshahara wangu, 350,000. Tafadhali usiruke mstari huo. Ukijifanyia kazi bure miezi minne, halafu ukaita jasho lako faida, utakuwa umejidanganya, na siku ukiugua ukalazimika kumlipa mtu mwingine akusimamie utaugundua ukweli kwa uchungu. Pamoja na sehemu ya ujenzi, msimu mmoja unanigharimu 2,372,500.

Mavuno: kati ya miche 460, kama 440 inafika mwisho, na kila mmoja unanipa wastani wa kilo 5.5. Hizo ni kilo 2,420. Daraja la kwanza 1,700, la pili 550, na 170 ni za kutupa au kumpa ng'ombe. Zinazouzika ni kilo 2,250. Gawanya 2,372,500 kwa 2,250, unapata shilingi 1,054. Namba hiyo nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari. Chini ya 1,054 kwa kilo, mimi namlipia mlaji achukue tango langu.

Ipime Septemba. Kwa wastani wa 600 kwa kilo, kilo 2,250 zinaleta 1,350,000. Hata fedha ya mfukoni hairudi. Unapungukiwa 10,000, na nailoni na jasho havijaguswa. Ipime Aprili na Mei. Daraja la kwanza kwa wastani wa 1,700 ni 2,890,000, la pili kwa 1,000 ni 550,000, jumla 3,440,000. Faida halisi 1,067,500. Msimu wa vuli na Krismasi nachukulia wastani wa 1,400 na 800: 2,380,000 na 440,000, jumla 2,820,000, faida 447,500. Ni kitalu kilekile, mbegu zilezile na mikono ileile. Tofauti ni tarehe ya kusia.

Kwa mwaka faida ni 1,515,000. Ukijumlisha na ile 1,325,000 iliyotengwa, kitalu kinakusanya 2,840,000 kwa mwaka, kwa hiyo 5,500,000 inarudi karibu mwisho wa mwaka wa pili kama hakuna kilichoharibika. Wewe panga miaka mitatu, kwa sababu kitu kitaharibika. Ndiyo maana simshauri mtu kujengea kitalu cha kwanza kwa mkopo unaoanza kulipwa mwezi unaofuata. Tango halina fedha ya kukupa siku 60 za mwanzo, na ukisia mwezi usiofaa halitakuwa nayo hata baadaye. Kama ni fedha ya kikundi cha vicoba, omba marejesho yaanze wiki ya tatu ya kuchuma, na waonyeshe kalenda.

Mambo ya shambani yanayogusa mfuko

Sitaeleza kilimo chote cha tango. Afisa ugani wako yupo, na sisi wa Arusha tuna bahati ya kuwa karibu na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru. Nitagusa yale yaliyonigharimu fedha.

La kwanza ni mbegu. Tango la kawaida lina maua dume na maua jike, na linahitaji nyuki. Umefunga neti kuzuia inzi weupe, na nyuki umemzuia vilevile. Kwa kitalu nyumba unataka aina inayobeba tunda bila kuchavushwa, na mwuzaji lazima akuonyeshe maneno hayo kwenye pakiti. Zao langu la kwanza duka moja liliniuzia mbegu za shamba la wazi kwa maelezo kwamba zote ni sawa. Matango yalifika urefu wa kidole, yakageuka njano, yakadondoka. Nilichavusha kwa mkono na brashi ndogo ya rangi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa wiki tano. Mbegu ya kitalu nyumba ni ghali mara kadhaa kuliko ile nyingine, lakini angalia daftari: mbegu ni 130,000 katika 2,372,500. Mahali pa kubana matumizi si hapo. Sia kwenye trei, mbegu moja kila tundu. Kwenye joto zuri utaona kichwa kinatoka siku ya tatu hadi ya tano.

Nafasi. Nina matuta manne ya mita 1.1, mistari miwili kila tuta, sentimita 50 kati ya mche na mche. Ndiyo inayonipa 460. Niliwahi kubana hadi sentimita 35 nikidhani nitavuna zaidi. Hewa haikupita, ubwiri unga ukafunika majani meupe kama yamemwagiwa sembe, matango yakajikunja, na daraja la kwanza likapungua. Nilinunua mbegu nyingi ili nipate matango ya daraja la pili.

Kupandisha. Shina moja kwa kila mche, kamba kutoka juu, waya wa mita 2.2. Vichipukizi vya pembeni vinatolewa vikiwa vidogo. Matunda ya vifundo vitano vya chini vya shina, pale majani yanapochomoza, yatoe yote, hata kama moyo unauma. Mche mdogo ukibebeshwa tango mapema unalilisha tango badala ya mizizi, na utakulipa kidogo wiki zote zinazofuata. Kibarua wangu mpya kila msimu ananibishia kwa hili. Namwonyesha mche mmoja nilioacha kusudi bila kutoa.

Maji. Mche unaobeba unakunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa hiyo miche yangu inataka lita 700 hadi 900. Gawanya mara mbili, asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua kali mara tatu. Usimwagilie jioni wakati wa masika. Kitalu kitalala na unyevu, na jani kavu ulilolinunua kwa milioni tano utakuwa umelilowesha mwenyewe. Asubuhi inua mapazia ya pembeni hewa ipite. Tango lililokosa maji siku mbili linaingia uchungu, na uchungu mteja hausamehi. Mpishi mmoja akionja tango chungu, kreti nzima inarudi.

Mbolea. Nikishaweka samadi, nyingine zote zinapita kwenye matone, kidogo kidogo, mara mbili kwa wiki; potasiamu naiongeza matunda yanapoanza. Kosa la kuepuka: usichanganye kalisi naitreti kwenye pipa moja na mbolea yenye salfeti au fosfeti. Zinashikana, zinaganda kama chokaa, na vitundu vya matone vinaziba mstari mzima. Kalisi siku yake, nyingine siku yake, na katikati pitisha maji matupu.

Wadudu. Milango miwili, wa kwanza unafungwa kabla wa pili haujafunguliwa. Mitego ya gundi ya njano kwa inzi weupe, ya bluu kwa thripsi, vile vidudu vidogo vyembamba, nayo ninaisoma kila Jumatatu na kuandika idadi. Namba ikipanda wiki mbili mfululizo ndipo nachukua hatua, nikianza na mwarobaini na kukata majani yaliyoshambuliwa. Kwa viuatilifu vya dukani soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Tango linachumwa kila siku ya pili. Dawa yenye siku 14 za kusubiri, ukiitumia katikati ya mavuno, maana yake utupe mavuno ya wiki mbili au uwalishe watu sumu. La pili silifanyi, na ninakusihi usilifanye. Watoto wa mteja wako wanakula tango hilo na ganda lake.

Kuuza

Hapa ndipo natumia akili yangu nyingi, na hapa ndipo wakulima wenzangu wanatumia kidogo. Kabla hujanunua hata msumari, nenda sokoni kila wiki kwa miezi kadhaa. Tengeru siku zake ni Jumatano na Jumamosi. Usiulize tango linauzwaje. Bei ya meza utaiona. Keti na mama muuzaji, nunua kitu kwake, muulize amenunua kwa bei gani leo, kutoka wapi, na ni mwezi gani anapata shida ya kupata mzigo. Andika. Nilipofanya hivyo kwa mwaka mmoja nilijua kuhusu tango kuliko nilivyojua kuhusu waridi kwa miaka 11.

Akina mama wa sokoni wanauza kwa hesabu ya tango, matatu kwa elfu au zaidi au pungufu kutegemea msimu. Kwa hiyo wanapenda tango la kati, lililonyooka, kijani kibichi. Tango kubwa kwao ni hasara: limechukua uzito kwenye mizani yako, lakini mezani linahesabiwa moja. Hoteli nazo zinataka lile jembamba lisilo na mbegu ngumu, urefu unaofanana. Wauza kachumbari na mama ntilie wanachukua lililopinda kwa furaha, mradi si chungu. Nilipoelewa hivyo, niliacha kuita daraja la pili takataka. Lina mnunuzi wake, na 550,000 kwa msimu wa masika ni robo tatu ya gharama ya mbegu, samadi, mbolea, viuatilifu, kamba na usafiri kwa pamoja.

Kila tango linauzwa kwa kilo, kwa mizani yangu, mbele ya macho ya mnunuzi. Lumbesa sikubali. Kiroba kinachotakiwa kuwa kilo 50 kikishindiliwa na kushonewa kilemba kinafika 65. Ukikiuza 50,000 unadhani umepata 1,000 kwa kilo, umepata 769. Rudi kwenye namba nyekundu ya jalada uone umesimama wapi. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, lakini sheria haipo pale kwenye tope saa kumi na moja alfajiri. Mizani yako ipo. Yangu ni ya kuning'iniza, naitundika kwenye mwembe wa uani, na dalali akija nyumbani anapima hapo.

Usiwe na mnunuzi mmoja. Nina wa aina tatu. Msambazaji wa hoteli anachukua kilo 80 hadi 100 kwa wiki kwa bei tuliyokubaliana kabla sijasia. Mama wawili wa sokoni, mmoja Tengeru na mmoja Kilombero, wanachukua sehemu kubwa ya kilichobaki kwa bei ya siku hiyo. Na majirani, duka la barabarani na wauza vyakula wanamaliza daraja la pili. Wa kwanza ananipa uhakika, wa pili ananipa fedha taslimu, wa tatu anaokoa kilichopinda.

Uhakika nao una gharama yake. Msimu mmoja msambazaji aliyeahidi kunilipa ndani ya siku 30 alipitisha wiki sita bila kulipa huku nikiendelea kumpelekea. Kilo 80 kwa 1,400 ni 112,000 kwa wiki. Mara sita, nilikuwa nje 672,000, karibu nusu ya fedha yote ya mfukoni ya msimu. Nilikopa mbolea kwa shemeji yangu. Msambazaji alilipa mwishoni, lakini mimea ilikuwa imekosa chakula wiki mbili na matango yalionyesha. Sasa makubaliano yangu yameandikwa, yana saini, na yana mstari mmoja: ankara mbili zikikaa bila kulipwa, ya tatu haipakiwi. Mpaka leo sijalazimika kuutumia mara nyingi. Kuwepo kwake kunatosha.

Chuma asubuhi na mapema tango likiwa baridi, kila siku ya pili, na joto likipanda kila siku. Kata kwa mkasi, acha kikonyo kidogo. Tango ulilolisahau likanenepa linauambia mche kwamba kazi imekwisha, na maua mapya yanapungua. Panga kwenye kreti kivulini, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Ukihitaji kulilaza, joto zuri ni nyuzi 10 hadi 12. Friji ya nyumbani ni baridi mno. Siku chache tu na tango linatoa madoa ya majimaji. Na tafadhali lisikae chumba kimoja na ndizi mbivu, nyanya mbivu wala maparachichi. Hewa inayotoka kwenye matunda hayo inaligeuza tango njano. Sisi Wameru nyumba haikosi mkungu wa ndizi, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini kreti za stoo zinapoteza rangi na za barazani hazipotezi.

Kung'oa

Wiki ya kulisha kitalu, yaani kibarua, mbolea, dawa, umeme, usafiri na mshahara wangu, ni kama 90,000. Bei ikiwa 1,100, ni lazima wiki ilete walau kilo 82. Wiki za katikati naokota zaidi ya 300, kwa hiyo sina wasiwasi. Lakini kuanzia wiki ya saba naangalia daftari kila Jumamosi jioni. Wiki ikishuka chini ya 82, tunang'oa, hata kama mimea bado ina maua na kibarua anasema tuipe wiki moja zaidi. Wiki hiyo moja ndiyo inayofuga inzi weupe watakaongoja miche mipya.

Tunang'oa na mizizi, tuta kwa tuta, na kila mzizi naugeuza mkononi kabla haujaenda kwenye moto. Juni iliyopita tuta la pili kutoka mlangoni, miche 19 ilikuwa na mafundo kama shanga. Nimelichorea duara kwenye ramani iliyo nyuma ya daftari. Oktoba tuta hilo litabeba vitunguu majani, na tango litabaki kwenye matuta matatu, miche 345, na namba nyekundu ya msimu huo nimeshaanza kuihesabu upya.